Pakiti Isiyogusa Waya: Kufuatilia Trafiki Kati ya Mashine Pepe

Mashine pepe mbili (kompyuta za kiprogramu, yaani virtual machines) zikiwa ndani ya seva moja, mazungumzo yao hayatoki nje ya seva hiyo. Pakiti inaondoka kwenye kadi ya mashine ya kwanza, inaingia kwenye briji (swichi ya kiprogramu) iliyo ndani ya kerneli ya mwenyeji, yaani moyo wa mfumo endeshi wa seva hiyo, inakabidhiwa kadi ya mashine ya pili, basi. Haijagusa waya, haijapita kwenye swichi ya rafu, na faiwoli iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haina habari kwamba kanzidata imesomwa yote na mashine jirani usiku kucha. Grafu za swichi zinaonyesha utulivu huku ndani ya seva kukiwa na msongamano.

Watu wa mitandao huiita hii trafiki ya mashariki-magharibi, kuitofautisha na ya kaskazini-kusini inayoingia na kutoka kwenye jengo. Vyombo vya kuifuatilia vipo, tena vingi ni vya bure. Kinachowakwamisha watu ni mahali pa kusimama. Mtu anafungua tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwanza, kisha anashangaa haoni kitu, au anaona kila kitu mara mbili. Swali la kuanza nalo ni hili: pakiti ninayoitafuta inapita wapi hasa, na hapa nilipo itafika? Nitalijibu kwa KVM, mfumo wa kuendesha mashine pepe juu ya Linux, kwa sababu huko kila kiungo cha njia kinaonekana kwa macho, halafu nitagusa mifumo mingine kwa kifupi.

Chini ya KVM, kila kadi ya mashine pepe ina pacha wake upande wa mwenyeji: vnet0, vnet1 na kuendelea. Hiyo ndiyo kadi ya tap, yaani kadi ya mtandao ya kiprogramu, na ndiyo mahali bora kuliko pote pa kutegea. Kujua ipi ni ya nani, tumia virsh, amri ya libvirt (programu inayosimamia mashine pepe); hapa web ni jina la mashine:

virsh domiflist web

Jibu linakupa jina la kadi, briji iliyochomekwa, na anwani ya MAC (utambulisho wa kadi yenyewe), ambayo kwa kawaida huanza na 52:54:00. Sasa andika ip link show vnet0. Utaona anwani ileile ila mwanzoni ni fe:54:00. Hapo hakuna hitilafu. Briji ya Linux hujichukulia anwani ndogo kuliko zote za kadi zilizochomekwa kwake, kwa hiyo libvirt huipandisha baiti ya kwanza ili anwani ya briji isibadilike kila mashine inapowashwa. Ukichuja kwa MAC, tumia ile ya 52, kwa kuwa ndiyo iliyo ndani ya pakiti.

Jambo la pili linalochanganya ni mwelekeo. Ukiendesha ip -s link show vnet0, safu ya RX inahesabu vilivyotumwa na mashine pepe, na TX vilivyoelekezwa kwake. Kadi ya tap inahesabu kwa upande wa mwenyeji, na kwa mwenyeji kilichotoka kwenye mashine ndicho kilichoingia. Grafu nyingi za ufuatiliaji zimechorwa kinyume kwa sababu hii, na mashine inayopakua inaonekana kama inayovujisha data.

La tatu ni majina. Mashine ikizimwa na kuwashwa, vnet3 inaweza kurudi ikiwa vnet11, na kichunguzi ulichokielekeza kwenye vnet3 kikabaki kinatazama hewa. Weka jina la kudumu kwenye XML ya mashine, ndani ya sehemu ya interface, kwa mfano <target dev='web0'/>. Jina lisizidi herufi 15, na lisianze na vnet, maana libvirt hulipuuza na kutunga lake.

Sasa amri yenyewe ya kunasa:

tcpdump -ni web0 -s 128 -C 100 -W 20 -Z root -w /var/tmp/web.pcap 'host 192.168.122.20 and tcp port 5432'

Herufi n inazuia kutafuta majina ya DNS. Usipoiweka, tcpdump yenyewe inaanza kuuliza majina na kuongeza trafiki unayoipima. Kwa -s 128 unachukua baiti 128 za mwanzo za kila pakiti, zinazotosha vichwa vya Etherneti, IP na TCP. Ukiiacha, tcpdump huchukua hadi baiti 262144, yaani pakiti nzima. -C 100 pamoja na -W 20 ni duara la mafaili ishirini ya megabaiti mia mia, la zamani likifutwa jipya linapoingia, hivyo diski haijai zaidi ya gigabaiti 2. Na -Z root ni kwa sababu kwenye Linux kadhaa tcpdump hujivua mamlaka kabla ya kufungua faili, ikaambulia "Permission denied" kwenye folda ya root ingawa umeiendesha kwa sudo.

Usidharau kikomo hicho cha diski. Trafiki ya gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 kila sekunde, yaani gigabaiti 450 kwa saa moja. Kwa baiti 128 za mwanzo tu, pakiti kubwa za kawaida zipatazo 81,000 kwa sekunde zinakula karibu gigabaiti 42 kwa saa. Na ndani ya seva hakuna waya wa kuweka kikomo. Virtio, kadi ya mtandao ya kiprogramu ya mashine pepe, inapitisha kadiri CPU na kumbukumbu zinavyoruhusu, na hiyo mara nyingi ni zaidi ya gigabiti 10. Kama faili la pcap (la pakiti zilizonaswa) liko kwenye diski ileile inayobeba picha za mashine pepe, kunasa kwenyewe kunaweza kuzipunguza kasi mashine unazozichunguza. Weka diski tofauti. Mwishoni soma mstari wa "packets dropped by kernel": ukiwa si sifuri, mapengo kwenye faili lako ni ya kwako, si ya mtandao. Ongeza bafa kwa -B 65536, ambayo ni kibibaiti 65536, au kaza kichujio.

Kichujio nacho kina mtego. Pakiti zikiwa na lebo ya VLAN (mgawanyo wa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa), 'host 10.1.1.5' haizioni kabisa. Andika 'vlan and host 10.1.1.5'. Ukisimama kwenye kadi ya trunk, inayobeba VLAN nyingi, ukaona ukimya, jaribu hilo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kwa nini nasisitiza kadi ya tap wakati briji yenyewe ipo? Kwa sababu briji ina tabia mbili. Briji ya kawaida ya Linux, tcpdump ikiiweka katika hali ya kusikiliza yote, hukupa nakala ya pakiti zinazopita kati ya mashine. Ukitumia -p, ambayo huizima hali hiyo, unaona broadkasti na trafiki ya mwenyeji tu. Open vSwitch, swichi nyingine ya kiprogramu, ni tofauti: kadi ya ndani inayoitwa br0 haioni kabisa kinachopita kutoka poti moja kwenda nyingine, hata ufanyeje. Watu wanaozoea ya kwanza wakihamia ya pili hukaa siku nzima wakiamini mashine zao haziongei.

Na tcpdump -i any? Pakiti moja kutoka mashine ya web kwenda mashine ya kanzidata, db, utaiona ikiingia web0, kisha ikitoka db0. Ukilifungua faili hilo kwenye Wireshark, programu ya kuchambua pakiti, litajaa alama za kurudia kutuma, na utaanza kuwinda upotevu wa pakiti ambao haupo. Tumia any kwa kutafuta tu pakiti inapita wapi, kwani tcpdump toleo la 4.99 huandika jina la kadi na mwelekeo (In, Out, au P kwa pakiti inayoingia isiyo ya mwenyeji mwenyewe) kwenye kila mstari. Ukishajua, rudi kwenye kadi moja.

Mbinu ninayoithamini kuliko zote ni kunasa sehemu mbili kwa wakati mmoja: web0 kwenye dirisha moja, db0 kwenye jingine. Kwenye mtandao wa kawaida, kulinganisha namna hii kunasumbua kwa sababu saa za vifaa viwili hazilingani. Hapa saa ni moja, ya kerneli ya mwenyeji, kwa hiyo tofauti ya mikrosekunde kati ya mafaili mawili ni ya kweli. Pakiti ikionekana web0 na isionekane db0, imeuawa na mwenyeji: angalia kanuni za faiwoli ya Linux (nftables au iptables), vichujio vya libvirt, na moduli ya br_netfilter. Hii ya mwisho huwapiga watu chenga sana. Ikiwa imepakiwa na net.bridge.bridge-nf-call-iptables ni 1, hata pakiti zinazopita briji tu bila kuelekezwa na ruta hupimwa na iptables. Mtu akisakinisha Docker, programu ya kuendesha kontena, kwenye seva hiyohiyo, na Docker ikageuza sera ya FORWARD (ya pakiti zinazopita) kuwa DROP (zitupwe), mashine pepe zilizokuwa zinaongea jana leo hazisikilizani. Utaiona waziwazi: SYN, pakiti ya kwanza ya kufungua muunganisho wa TCP, ipo web0, db0 hakuna kitu.

Pakiti ikionekana db0 lakini haipo ndani ya mashine ya db, tazama hesabu ya dropped kwenye safu ya TX ya db0. Tcpdump inaiona pakiti kabla tu haijakabidhiwa foleni ya tap. Foleni ikijaa kwa sababu mashine pepe haipati muda wa CPU wa kuzichukua, pakiti inatupwa baada ya kuwa imeshanaswa. Hapo tatizo si mtandao, ni vCPU (CPU za mashine pepe) nyingi mno zinazogombania viini vichache.

Sasa tuje kwenye mistari inayowatisha wanaoanza. Ukitumia -v utakuta tcpdump inaandika "incorrect" kwenye cheksamu (namba ya kuhakiki kwamba data haijaharibika) ya karibu kila pakiti. Mashine pepe yenye kadi ya virtio haihesabu cheksamu kamili ya TCP. Inaacha kazi hiyo ifanywe na kadi halisi mwishoni mwa safari. Pakiti isipotoka kwenye seva, hakuna kadi halisi njiani, na cheksamu haihesabiwi kamwe, kwa kuwa mpokeaji ameambiwa data haijapita mahali pa kuharibika. Tumia -K ili tcpdump isipime. Utakuta pia pakiti zenye urefu wa baiti elfu sitini na kitu ilhali MTU (ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa) ni 1500. Hiyo ni TSO na GSO: mashine inakabidhi bonge moja la hadi kibibaiti 64 na ukataji unaahirishwa. Ndani ya seva bonge linapita zima zima. Ukitaka kuona pakiti za ukubwa wa kweli, zima kwa muda ndani ya mashine kwa ethtool -K ens3 tso off gso off gro off, ukijua kwamba CPU itapanda, na kwamba unachopima sasa si mfumo uleule.

Cheksamu isiyojazwa iliwahi kuleta madhara ya kweli: programu za DHCP zilizokuwa zikisoma pakiti moja kwa moja kutoka kwenye kadi zilikataa majibu ya seva iliyo kwenye mwenyeji huyohuyo, zikiandika "bad udp checksums" kwenye logi, na mashine ikakosa anwani ya IP. Ndiyo asili ya kanuni ya CHECKSUM yenye --checksum-fill kwa poti 68 ambayo libvirt iliiweka kwenye iptables. Ukiikuta, iache.

Kunasa kwa tcpdump ni kwa kutafuta tatizo. Kwa ulinzi wa kudumu, yaani mashine yenye programu ya kugundua uvamizi kama Suricata au Zeek inayotazama wenzake, unahitaji kuakisi poti, yaani kunakili trafiki yake kwenda poti nyingine. Kwenye Open vSwitch:

ovs-vsctl -- --id=@w get port web0 -- --id=@s get port ids0 -- --id=@m create mirror name=m0 select-src-port=@w select-dst-port=@w output-port=@s -- set bridge br0 mirrors=@m

Poti ids0 ni kadi ya pili ya mashine ya uchunguzi, isiyo na anwani ya IP. Ikishateuliwa kuwa ya kupokea nakala haifanyi kazi nyingine yoyote, kwa hiyo ukiteua kwa makosa ile unayoingilia kwa SSH, umejifungia nje. Kwa poti zote select-src-port peke yake inatosha: unapata nakala moja ya kila kitu kilichotumwa na mashine.

Briji ya kawaida haina amri hiyo, lakini tc, amri ya Linux ya kudhibiti trafiki, inaifanya kazi vizuri:

tc qdisc add dev web0 clsact
tc filter add dev web0 ingress matchall action mirred egress mirror dev ids0
tc filter add dev web0 egress matchall action mirred egress mirror dev ids0

Kanuni hizi hupotea mashine ya web ikizimwa, kwa kuwa kadi ya tap yenyewe inafutwa. Ziweke kwenye hook ya libvirt (skripti inayoendeshwa mashine inapowashwa au kuzimwa), faili la /etc/libvirt/hooks/qemu, la sivyo ulinzi utakufa kimyakimya siku ya kwanza ya kusasisha mashine. Na kama nakala zinapelekwa nje kwa waya wa gigabiti 1 wakati chanzo kinatuma na kupokea gigabiti 1 kila upande, nakala ni gigabiti 2. Nusu itatupwa, na kichunguzi hakitakuambia.

Kwa kujua nani anaongea na nani, kwa kiasi gani, miezi na miezi, pakiti nzima ni mzigo usio na sababu. Sampuli zinatosha. Open vSwitch inatoa sFlow, itifaki ya kutuma sampuli za pakiti, kwenda UDP 6343:

ovs-vsctl -- --id=@f create sflow agent=eth0 target=\"10.0.0.9:6343\" header=128 sampling=400 polling=20 -- set bridge br0 sflow=@f

Hapo pakiti moja kati ya 400 inachukuliwa. Usahihi unategemea idadi ya sampuli ulizopata, si ukubwa wa trafiki: kosa kwa asilimia halizidi 196 gawanya kwa kipeuo cha pili (square root) cha idadi ya sampuli. Sampuli 100 za mazungumzo fulani zinakupa kosa la hadi asilimia 19.6; sampuli 10,000 linashuka hadi karibu 2. Kwa hiyo sFlow ni nzuri kwa kukuonyesha bekapu inayokula mtandao, na ni mbovu kwa kumkamata mtu aliyetuma pakiti kumi za kupima milango.

Mashine zikiwa kwenye seva mbili tofauti, mara nyingi kati yao kuna VXLAN: fremu nzima ya Etherneti inafungwa ndani ya UDP, poti 4789. Kerneli ya Linux usipoitajia poti hutumia 8472, na tcpdump ikiona 8472 huitafsiri kama OTV, itifaki nyingine. Iambie -T vxlan nayo itafungua. Ufungaji huo unaongeza baiti 50 kwenye IPv4: 14 za Etherneti ya ndani, 8 za VXLAN, 8 za UDP na 20 za IP. Mtandao wa chini ukiwa na MTU 1500, mashine pepe ziwe na 1450. Zikiachwa na 1500 utapata ugonjwa unaojulikana: ping inajibu, SSH inafungua, kisha faili kubwa linakwama palepale. Pima:

ping -M do -s 1422 10.20.0.12
ping -M do -s 1472 10.20.0.12

Ya kwanza ikijibiwa na ya pili ikapotelea njiani bila neno, umepata jibu. Nasa kwenye web0 na kwenye eth0 kwa pamoja: bonge la 1500 utaliona likiingia, na upande wa pili halitoki.

Kuna mahali ambapo mwenyeji ni kipofu. Kadi ikikabidhiwa mashine moja kwa moja kwa SR-IOV, teknolojia inayogawa kadi moja halisi vipande, pakiti hazipiti kwenye kerneli ya mwenyeji, na mashine mbili zenye vipande vya kadi moja huunganishwa na swichi iliyo ndani ya kadi yenyewe. Tcpdump ya mwenyeji haitaona kitu. Nasa ndani ya mashine, au tumia uakisi wa kadi kama inao. Vivyo hivyo kwa DPDK na vhost-user, zinazopitisha pakiti nje ya kerneli, ila huko Open vSwitch ina ovs-tcpdump, inayotengeneza kioo cha muda na kukiondoa inapomaliza.

Kwingineko mambo ni haya. ESXi ya VMware ina pktcap-uw: pata namba ya poti kwa net-stats -l, kisha pktcap-uw --switchport namba hiyo --dir 2 -o /tmp/web.pcap. Kwenye Hyper-V ya Microsoft, chanzo na mpokeaji wawe swichi moja, kisha Set-VMNetworkAdapter yenye -PortMirroring Source kwa mmoja na Destination kwa mwingine. VirtualBox ni rahisi kupita zote: VBoxManage modifyvm web --nictrace1 on --nictracefile1 web.pcap, mashine ikiwa imezimwa. Kwenye wingu la AWS huna kadi ya tap. Una VPC Flow Logs, zinazokusanya kwa dakika 10 au, ukichagua, dakika 1, bila yaliyomo ndani na bila maulizo yanayokwenda kwa DNS ya Amazon. Na tangu 2019 kuna Traffic Mirroring, inayokuletea nakala zikiwa zimefungwa kwa VXLAN.

Data yenyewe ikiwa imesimbwa kwa TLS, bado utaona anwani, poti, kiasi, muda, na mara nyingi jina la seva kwenye ujumbe wa kwanza. Isiposimbwa, faili lako la pcap lina nywila na taarifa za watu. Kunasa mawasiliano bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018, na taarifa binafsi zilizomo zinalindwa na sheria za 2022 na 2019 za nchi hizo. Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo ikitaja mashine zipi na kwa muda gani, funga faili kwa chmod 600, na usilitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili wakusaidie kulisoma. Ukimaliza, ondoa vioo kwa ovs-vsctl clear bridge br0 mirrors na tc qdisc del dev web0 clsact, rudisha tso, gso na gro, kisha futa mafaili.